Mlango wa Kukataa

Crescencio Arreola, fundi wa plasta, alijisifu kwamba hakuna ukuta kijijini Ajijic ambao haujaonja mwiko wake, na ukimwachia angekuambia hata ziwa la Chapala ni yeye aliyelipiga sakafu. Mwongo, lakini si sana. Nyumba za wastaafu wa Kimarekani mtaani kwao alizipiga plasta zote, hata ile alimozaliwa, ambayo nduguze waliiuza mama yao alipofariki. Yeye sasa alipanga chumba huko juu, ng'ambo ya barabara kuu.

Desemba ile Bi Amparo, msimamizi kanisani wa posada, yale maandamano ya nyimbo yanayozuru mtaa mmoja kila jioni kabla ya Krismasi, akamtolea uvivu.

"Fundi, mtaa wenu hauna watu tena. Posada inataka milango mitatu: miwili ya kuwakataa Yosefu na Mariamu, mmoja wa kuwapokea. Ninyi mmebaki na miwili. Jioni yenu naipeleka mtaa mwingine."

"Tulia, bibie. Wa tatu nauleta kesho."

Alisema kifua mbele. Moyoni alijua jioni ile ikiondoka hairudi, na yeye hatakuwa na sababu ya kushuka mtaani ila kubeba ndoo ya saruji.

Kesho yake akagonga mlango wa nyumba alimozaliwa. Mzee Lowell, mstaafu kutoka Ohio, akafurahi kama mtoto, mpaka alipoambiwa kazi yake.

"Niimbe kwamba hamna nafasi? Niwafukuze? Hapana, fundi. Nitawafungulia, nina keki."

"Ukifungua umetuharibia. Mlango wa kwanza unakataa."

"Watu wananisema tayari. Ukutani kwangu wameandika nirudi kwetu."

"Najua. Si mimi niliyekuja kupaka rangi juu yake?"

"Basi nitakufukuzaje wewe, kwenye nyumba ya mama yako?"

Crescencio akacheka. "Mzee, mimi nilishatoka. Wewe unaombwa kusema tu."

Jioni yao ikafika. Watu na mishumaa yao wakajaa barabarani, fundi mbele, akaimba sehemu ya Yosefu, akimwombea malazi mke mjamzito. Ndani kimya. Akarudia ubeti. Kimya. Bi Amparo akamkazia macho.

"Keki inakatwa humo!" mtu akatania nyuma.

Kitasa kikacheza. Crescencio akainama kwenye tundu la ufunguo. "Usithubutu, mzee!"

Kitasa kikatulia. Ndipo sauti nyembamba, iliyopindisha kila noti, ikaimba kwamba humu hamna nafasi, waende zao. Watoto wakavunjika mbavu. Bi Amparo akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Jioni imebaki mtaani.

Fundi hakucheka. Mkono wake ulikuwa kwenye ukingo wa mlango, pale mama yake alipokuwa akimpima urefu, alama zikiwa chini ya plasta aliyoipiga mwenyewe. Miaka sita tangu nyumba iuzwe alijiambia hajali. Ila hakuna aliyewahi kumtamkia maneno yale kwa mdomo; nduguze walimpelekea karatasi tu, asaini.

"Fundi, tunakungoja wewe," Bi Amparo akasema, kwa upole usio wake.

Mlango ukafunguka kidogo. "Nimekosea?" Lowell akanong'ona.

"Umekataa vizuri mno, mzee." Crescencio akauachia ukingo wa mlango. "Vaa koti, utoke, ufunge. Mlango wa pili tunaomba wote."

"Maneno ya kuomba siyajui."

"Utajifunza. Shika mshumaa huu, na usinichomee kofia."