Kibali Kilichokwisha Nikimuuguza Mama

Niliishi ng'ambo miaka kumi na moja, nikiwa na kibali cha ukaaji wa kudumu. Mapema 2012 mama alipooza, nikarudi Lodwar kumuuguza. Nilidhani ni miezi mitatu tu. Ikawa mwaka na nusu, huku nikifanya ukalimani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma ili tule. Nilipokwenda kwenye ubalozi wa nchi ile kuomba kurudi, afisa aliniambia, "Ukipitisha mwaka mmoja nje, umeuacha ukaaji wako."

"Sikuuacha. Nilikuwa namwogesha mama."

"Sheria haiulizi ulikuwa ukifanya nini."

Nilitia sahihi fomu aliyonipa na kukirudisha kibali kwa hasira. Nyumbani mama aliuliza kwa taabu, "Wamekubali?"

"Wamekataa, mama."

Akalia, akaniomba msamaha kwa kuugua. Hapo nikaghadhibika zaidi, na sikuwa na wa kumfokea.