Tumbo la Zabibu

Kwa miaka ishirini na tatu Bartolomayo alikata zabibu za watu huko Makutupora bila kutia hata punje moja kinywani. Kila mkataji huambiwa asubuhi ya kwanza: kata, panga kwenye kreti, usile. Wengi huitikia, kisha wakainama nyuma ya mizabibu na mashavu yakavimba. Yeye hapana. Saa ya mapumziko alikaa katikati ya vishada vilivyoiva akala ugali wake wa uwele na mlenda uliopoa, na mikono iliyonata utamu aliiosha kwanza, wala hakuilamba. Siku ya nne ya kazi msimamizi wa wakati ule alimkabidhi ufunguo wa stoo. Wasimamizi walibadilika, ufunguo ukabaki kwake. Hakuwa na shamba wala ng'ombe, ila alikuwa na jina hilo la uaminifu, na alilitunza.

Mavuno ya Agosti iliyopita alipewa kazi ya kubeba kreti kwa baiskeli kutoka mistari ya mbali hadi kwenye mizani, mbili mbili, zimefungwa nyuma kwa kamba. Njia hukatiza korongo lenye mchanga mwingi. Upande wa kushoto wa usukani raba ya kushikia ilichomoka tangu Pasaka, limebaki bomba tupu. Aliahidi mara kadhaa kulifunga kitu.

Jumanne, gurudumu la mbele lilizama mchangani, usukani ukageuka, naye akaangukia juu yake. Lile bomba likamkita chini kidogo ya kifua. Pumzi ilikatika, akakaa mchangani akiisubiri. Iliporudi, alishughulikia zabibu kwanza. Aliziokota, akazipuliza mchanga, vishada vilivyopasuka akavitenga, na kwenye mizani akaeleza kwamba vimeanguka. Habari za tumbo hakuzitaja. Halikuwa na jeraha, na maumivu yalikwisha kutulia.

Jumatano alifanya kazi kama kawaida. Alhamisi maumivu yakarudi, mazito, yakianzia juu ya kitovu na kupenya mpaka mgongoni. Alichokula alikitapika. Alichuchumaa kati ya mistari, mikono tumboni, na hapo ndipo mkosi wake ulipoanza, kwa sababu wakataji wa Makutupora wana ugonjwa wanaoujua vizuri. Wanauita tumbo la zabibu. Aliyejishindilia matunda yaliyopata moto juani, yasiyooshwa, saa sita humkuta amejikunja hivyo hivyo, na hakuna anayemwonea huruma.

"Mzee Barto, hata wewe?" aliita Lameck, msimamizi, kijana mwenye kofia ya majani na maneno mengi. "Miaka yote hiyo, leo zimekushinda?"

"Sijala."

"Wote husema hivyo. Toa ulimi tuone rangi."

Bartolomayo alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Aliutoa ulimi mbele ya watu ambao wengine aliwafundisha yeye namna ya kushika mkasi. Ulikuwa mkavu, mweupe kwa kiu. Wakacheka vilevile.

"Ameshasukutua kinywa," mmoja akasema. "Mwenye ufunguo wa stoo ndiye mwenye maji."

Akaenda nyumbani akiwa ameamua kwamba hataugua mbele ya mtu yeyote. Mkewe, Evodia, alipomuuliza, alimjibu kwamba ni uchovu tu. Ijumaa, alipozidiwa, alikwenda peke yake kwenye zahanati, akaulizwa amekula nini. "Sijala kitu," alijibu kwa hasira, akapewa vidonge vya kiungulia. Baiskeli haikumpita hata kichwani. Akili yake yote ilikuwa imeshikwa na kujitetea, kama mtu aliyeshitakiwa wizi asivyokumbuka kwamba mguu wake nao unatoka damu.

Jumamosi asubuhi Evodia alimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, paji la uso limezama kwenye godoro. Ndivyo tu alivyoweza kupumua.

"Baba Hana, twende mjini."

"Kwa gari gani?"

"La Lameck."

"Usimwite huyo. Atanicheka."

"Na akucheke. Maiti hachekwi, hilo ndilo unalotaka?"

Lameck alikuja na pikapu ya shamba. Alipomwona hakucheka. Alimsaidia kupanda, akaendesha polepole penye mashimo.

Hospitalini walipokelewa na daktari wa upasuaji, Munira, mwenyeji wa Kondoa, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yao Hana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sijala zabibu."

"Sijakuuliza zabibu," alisema. "Naomba nikufungue shati."

Chini ya mfupa wa kifua kulikuwa na duara la kijani na zambarau, dogo, limekamilika kama mhuri. Munira alilizungushia kidole bila kuligusa.

"Hii ni nini?"

Bartolomayo aliinua kichwa akatazama, kana kwamba tumbo lilikuwa la mtu mwingine. "Nilianguka na baiskeli. Jumanne."

"Mbona hukusema?"

"Kila mtu aliniuliza nilichokula."

Mlangoni, Lameck alitazama viatu vyake.

Damu ilipimwa, na picha ya CT ikapigwa. Kisha Munira akavuta kiti na kuwaeleza. Nyuma ya mfuko wa chakula, limelazwa juu ya uti wa mgongo, kuna kongosho. Linatengeneza maji ya kusaga chakula na linaongoza sukari mwilini. Kitu butu kikikita tumbo kwa nguvu, kongosho hubanwa kati ya kitu hicho na mfupa, ngozi isipasuke, damu isionekane. Maumivu yanaweza kupoa siku moja au mbili. Wakati huo yale maji yanavuja, na kwa kuwa kazi yake ni kusaga, yanaanza kumsaga mwenyewe.

"Lako limekatika, baba, karibu vipande viwili. Nitaondoa upande wa mkia, nitafunga pale palipobaki, na nitaacha mpira wa kutolea maji. Bandama imelala hapo hapo. Nikiweza nitainusuru."

"Atapona?" aliuliza Evodia.

"Siwezi kuahidi, mama. Siku nne ni nyingi. Ila tusipofungua, tutampoteza."

Bartolomayo alishika kalamu ya kutia sahihi, akasita.

"Ukifungua, utaona nilichokula? Umwambie huyu."

"Huko siendi, baba. Nafuata kongosho tu."

"Mzee," alisema Lameck kutoka mlangoni. "Mimi sihitaji kuambiwa. Tia sahihi."

Akatia.

Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu, na bandama ilinusurika. Mpira ulikaa ubavuni siku kumi na tisa. Kila asubuhi Evodia alisimama kando ya muuguzi kuona maji yaliyotoka: mengi na mazito mwanzoni, baadaye machache, mwisho ukungu tu ndani ya mpira. Bartolomayo alichomwa kidole kupimwa sukari mpaka akazoea kukinyoosha kabla ya kuombwa. Aliporudi Makutupora, mizabibu ilikuwa imebaki majani.

Mavuno yaliyofuata, ya Machi, alikaa kwenye mizani, maana kreti hawezi tena kuzibeba, na kila mwezi huenda kliniki. Siku moja kabla ya kazi kuanza alikata mpira wa ndani wa tairi kuukuu akafunga mishikio ya baiskeli zote za shamba. Lameck alimshikia kamba za kufungia.

Na mtu akichuchumaa mistarini siku hizi, kicheko husubiri kidogo. Bartolomayo huinuka taratibu, mkono juu ya kovu, akamfuata alipo.

"Umeanguka? Umegongwa na kitu? Fungua shati."

Humtazama vizuri, mbele na ubavuni, bila haraka. Asipoona alama, na mtu akaapa kwamba hajagongwa, ndipo humwambia:

"Haya. Sasa toa ulimi."