Maganda ya Risasi ya Mpitimbi

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, nguruwe pori walikuwa wengi kuliko watu. Wanaume wengi wa Mpitimbi walikuwa wamekufa, na muhogo uliopandwa na wajane ulifukuliwa kabla haujanenepa. Mimi nilikuwa mwindaji, Myao niliyehamia Songea kutoka upande wa Tunduru, nikaenda bomani kuomba bunduki.

Mdachi, yaani Mjerumani, aliyesimamia ghala la silaha aliniazima moja kuukuu, ya kupiga risasi moja moja. Akanipa baruti, fataki za kuiwashia, na madini ya risasi ya kuyeyusha. Maganda ya shaba ya kujazia vitu hivyo hakunipa.

"Yametapakaa porini kwenu kote," alisema. "Nenda kaokote."

Kana kwamba ni uyoga!

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Mwanamke wa kwanza aliapa hajawahi kuona ganda la risasi, na huku moja linaning'inia shingoni mwake, limejaa ugoro. Sikumlaumu, askari walikuwa wakimkamata yeyote aliyekutwa na kitu cha vita. Nilipomtuliza akanipa nilitazame. Lilikuwa limetobolewa kitakoni ili lipitishwe uzi. Nyumba ya pili walikuwa wameyaponda kutengeneza bangili. Kwingine nililetewa kapu zima, mazuri, yanang'aa, nikafurahi mpaka nilipoyabana kwa vidole: laini. Yalikuwa ndani ya nyumba askari walipoichoma, na shaba iliyopita motoni hivyo haishiki baruti tena. Niliyamwaga chini nikatukana kwa Kiyao.

Jioni nilifika kwa mama mmoja mzee, mjane, aliyekuwa anapalilia.

"Shikamoo, mama."

Aliitika, akasikiliza shida yangu, akaingia ndani na kutoka na ganda moja. Nilichungulia mdomo wa ganda, hauna ufa. Nikaligonga kwenye jiwe, likalia vizuri. Kwa siku nzima hilo ndilo ganda la kwanza nililoweza kuliamini.

"Nililiokota pale alipoanguka mume wangu," alisema. "Wewe unayajua haya. Ndilo lililomuua?"

"Mama, mimi najua kama litashika baruti. Hilo jingine silijui."

"Basi hujui kitu." Aliinua jembe lake. "Lichukue. Nguruwe hawana habari kwamba mimi ni mjane."

Kesho yake alfajiri nilijificha pembeni mwa shamba lake. Ganda lake nilikuwa nimelijaza, lakini nilianza na jingine, moja ya yale niliyoyapata kwingine nikayatilia mashaka, ili lake nilitunze. Kundi la nguruwe likaingia, nikafyatua. Ganda likapasuka ubavuni, moshi na moto vikanirudia usoni, na vipande vikanasa ndani ya bunduki. Nilichokonoa kwa kisu, nikachokonoa kwa kijiti, macho yananichuruzika, huku nguruwe wakila mbele yangu bila haraka. Walipoondoka hapakubaki tuta lililosimama.

Nilirudisha bunduki bomani. Mdachi alinifokea kwa kumharibia mali yake, akachukua kila kitu, pamoja na lile ganda lililojazwa. Niliomba anirudishie hilo moja tu. Akaniuliza nalitakia nini bila bunduki, kisha akanifukuza.

Kumweleza yule mama kulinishinda kwa siku kadhaa. Nilipokwenda hatimaye, alinisikiliza akiwa ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili.

"Nilikupa upigie nguruwe," alisema. "Sikukupa uwapelekee Wadachi."

Nilichukua jembe nikaanza kuchimba shimo la mtego kwenye njia ya nguruwe. Majirani wakaja kusaidia, tukazungushia shamba miiba. Baadaye shimo lilinasa nguruwe dume, wenyeji wakala wakashiba. Mimi, kwa kuwa ni Mwislamu, yule mama aliniletea kibakuli cha kunde. Nilikula, bado nikimlaani yule Mdachi wa ghala moyoni.