Mkono Ulionyamaza

Kosa nitakalolieleza hapa ni hili: tulimsifu mtoto kwa kuwa ameacha kulia. Nililitenda kwa mikono yangu mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili, na mwezi uliopita nililiona likitendwa tena, kana kwamba katika miaka yote hii hakuna aliyejifunza lolote.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali mjini Malindi pamoja na mwanangu wa mwisho, aliyeteguka kifundo cha mguu akicheza mpira. Chumba cha plasta kilikuwa kimefungwa. Plasta imekwisha, tuliambiwa. Walioweza wakavuka barabara kuinunua duka la dawa, wasioweza wakabaki kuutazama mlango. Kando yangu aliketi mwanamke mzee, amempakata mvulana mdogo ambaye mkono wake ulifungwa fito na vipande vya leso. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa furaha. "Muone mjukuu wangu, ana moyo huyu! Juzi alilia hadi majirani wakaja. Tangu jana kimya, kama si yeye. Amepoa. Nimemleta waniandikie barua ya shule tu."

Nikavitazama vidole vya yule mtoto. Sikuwa tena Malindi. Nilikuwa Kakuyuni, uani kwa nyanya yangu, msimu wa makanju.

Wewe mwenzangu uliyekulia pande zile huhitaji kuelezwa msimu ule. Makanju mekundu na ya manjano yalianguka usiku kucha chini ya mikanju, asubuhi tukayaokota, tukang'oa korosho na kuzikaanga kwenye kipande cha bati hadi moshi ukatutoa machozi. Maji yake yakidondokea nguo, doa halitoki kwa sabuni wala kwa viboko. Nyanya alikaa uani tangu alfajiri akishona makuti ya kuezekea hoteli za pwani, na ule mlio mkavu wa majani yakikunjwa juu ya fito ndio ulikuwa saa yetu. Ukikoma, chakula kiko tayari: sima na mchunga, ile mboga ya majani, uliotiwa tui, mchungu kidogo, mtamu kidogo.

Mdogo wangu, msichana wa miaka saba, ndiye aliyekuwa hodari wa makuti. Alitumia mkono wa kushoto. Kula nao alikatazwa kwa kofi, lakini kazini nyanya alimwacha. "Huo wa makuti mwacheni nao," alituambia, "hata shetani hamfikii kwa kasi." Vidole vile vilipita kwenye majani kama mtu anayehesabu tasbihi kwa haraka, na mimi dada mtu, niliyeshona kuti moja naye akishona mawili, niliona wivu.

Siku aliyoanguka, mimi ndiye niliyemtuma juu. Nilivaa gauni langu la kanisani na nilitaka kanju lililoiva kileleni. Tawi la mkanju halionyi kabla ya kukatika. Alipoinuka, mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Sitaki umhukumu nyanya upesi. Mjomba wetu alikuwa amevunjika mguu mwaka uliotangulia, akalala siku nyingi kwenye ujia wa hospitali akiambiwa mashine ya picha imeharibika, kisha akarudi nyumbani na mguu uliounga kombo. "Hospitali kuna kungoja na kukatwa," nyanya alisema, na kwa aliyoyaona hakuwa amedanganya. Basi akaitwa mzee wa kuunga mifupa. Naye hakuwa tapeli. Wengi kijijini walitembea kwa miguu aliyoiunga. Aliuvuta mkono, akaupaka mafuta ya nazi ya moto, akauzungushia vijiti vya makuti, akafunga kwa vipande vya leso kuukuu. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mkubwa. Kila asubuhi, kaza. Usimlegezee hata akikulilia. Siku atakayonyamaza, jueni mfupa umeshika."

Nikakaza. Asubuhi mbili za kwanza mdogo wangu alinishika gauni kwa mkono wake mzima. "Dada, nilegezee kidogo. Kidogo tu, kama uzi." Nikamjibu kama mtu mzima: "Unataka mkono wa kombo kama mguu wa mjomba?" Nikaweka goti langu juu ya godoro ili nipate nguvu ya kuvuta.

Siku ya nne aliamka kimya. Nyanya alipiga kigelegele. Alimchemshia yai zima peke yake, na wanawake wa jirani wakaja kumtazama shujaa asiyelia. Hata mimi nilisifiwa kwa kufunga vyema. Niliviona vidole vyake: vilikuwa na rangi ya zambarau, na baridi yake niliihisi kama ya chura. Niliviona, nami nikanyamaza, kwa sababu sifa ni tamu hata kwa mtoto, na pengine kwa mtoto kuliko mtu mzima.

Siku ya sita alikuja jirani tuliyemwita Mgeni. Alikuwa amehamia kwetu na mumewe kutoka visiwa vya kaskazini, wakiuza ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi. Alipiga hodi kuomba ungo, akasimama mlangoni.

"Bibi, humu ndani mna kitu kimeoza."

"Ni ng'onda wako," nyanya akamjibu pasipo kuinua uso. "Wamechoka kukungoja, wamekufuata."

Wanawake waliokuja kumtazama mtoto wakacheka. Yeye hakucheka.

"Harufu ya samaki naijua tangu kuzaliwa, bibi. Hii si samaki." Akaingia bila kukaribishwa, akapiga magoti, akainusa leso. "Nani kaufunga hivi?"

"Uache!" nyanya akapaza sauti. "Siku zake hazijatimia!"

Mgeni alikuwa na kisu cha kuparia samaki kiunoni. Alikata fundo nililolifunga mimi asubuhi ile, kisha la pili, kisha la tatu. Sitakueleza tulichokiona. Nitakwambia tu kwamba mdogo wangu aliutazama mkono wake kwa udadisi, kana kwamba ni wa mtu mwingine, wala hakulia.

Mgeni alimbeba mgongoni kwa leso yake mwenyewe hadi barabarani, akasimamisha lori la mawe. Hospitalini waliukata mkono chini ya kiwiko, na daktari akamwambia kwamba siku moja zaidi ingekuwa ya kuchimba kaburi. Mgeni alikaa naye wodini hadi kidonda kikafunga, kwa sababu nyanya alikataa kwenda.

Nasi nyumbani tulikuwa tumekwisha kutoa hukumu. Mzee wa kuunga mifupa alisema mkono ulikuwa ukishika vizuri, ukaharibiwa na upepo, kwa kufunuliwa kabla ya siku yake. Kila mtu aliafiki. Ilikuwa rahisi kuafiki. Mimi nilijua rangi ya vidole vile siku mbili kabla kisu hakijafika, na neno moja kutoka kinywani mwangu lingetosha. Sikulisema. Watu wakaacha kununua ng'onda wake, watoto wakamfuata njiani wakimwita mkata mikono, nami nilikuwa miongoni mwao. Kabla ya mvua za masika nyumba yao ilikuwa tupu. Wengine walisema wamehamia Muyeye, wengine wakasema wamerudi visiwani.

Mikanju ile imekatwa ikawa makaa. Nyanya amezikwa, na uani kwake hausikiki tena mlio wa makuti. Vimetoweka vyote nilivyovipenda. Vilivyobaki ni mlango wa plasta uliofungwa, na ile furaha ya kijinga mbele ya mtoto aliyenyamaza.

Mwezi uliopita, kwenye benchi lile, nilipiga kelele hadi muuguzi akatoka na mkasi. Bibi wa mtoto alinishika mkono, "Mwache, mwanangu, amepoa!" Fito zilipoanguka sakafuni alikaa chini pale pale. Tuliambiwa daktari wa mifupa hayupo, yuko Kilifi. Mtoto akapakiwa kwenye gari kupelekwa huko. Sikuona dalili ya kunipa tumaini, na sitakudanganya.

Jioni nilimpigia simu mdogo wangu, anayelima Tezo kwa mkono mmoja, mpini wa jembe ameubana kwapani. Nilimweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, na kimya chake mimi hunitisha hadi leo.

"Nani aliyemfungua?" akauliza hatimaye.

"Muuguzi."

"Rudi ukamuulize jina lake, dada. Wangu mimi aliniambia jina lake wodini, usiku wa kwanza, ili nipate wa kumwita nikiumwa. Ninyi hamkuwahi kumuuliza."

Hakuwahi kuwa Mgeni. Alikuwa Mwanaisha binti Shee.