Nilivyomsindikiza binti wa Kasingirima kwenye mtaa mrefu wa Poland

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Anayebisha aje Ujiji, mhusika mwenzangu yupo na hana simile.

Enzi za Ujamaa serikali ilitupeleka vijana kadhaa Poland kusoma. Mwaka wa kwanza tulikaa mji wa Łódź, tukijifunza lugha yao. Inatamkwa Wuch, maana yake mashua.

Mji unaitwa Mashua na hauna hata ziwa la kuogea bata! Sisi wa Ziwa Tanganyika tulicheka mpaka mwalimu akatutoa nje.

Siku ya kwanza darasani, dada aliyekaa nyuma yangu akaniambia, "Mwakeye."

Salamu ya Kiha, wakuu. Huko kwenye theluji! Niligeuka mzima mzima. Ndiye Mwajuma, wa Kasingirima, hukohuko kwetu Kigoma.

Sasa, mji ule una mtaa mkuu wa kale, Piotrkowska. Umenyooka, hauishi. Majumba ya waliokuwa matajiri wa viwanda vya nguo, yana nyuso za watu zimechongwa juu ya milango. Jumapili watu wanavaa vizuri wanakwenda kutembea pale, basi, hawana wanakokwenda.

Na sisi tukawa tunatembea. Tunakula maandazi yao yenye jamu ndani, tunabishana kuhusu samaki wa ziwani kwetu, migebuka ya Kibirizi na ya Ujiji ipi mitamu. (Ni ya Ujiji. Mjadala umefungwa.)

Mwaka ukaisha. Mimi nikapangiwa mji wa Gdańsk kusomea meli, yeye anabaki palepale kusomea nguo. Nilikuwa nampenda sana, na sikuwa nimemwambia hata neno moja. Halafu kulikuwa na jamaa wa Tanga anamletea chokoleti.

Jioni ya mwisho nikamwambia namsindikiza hosteli kwake, mwisho kabisa wa mtaa. Jua la kule kiangazi halina haraka ya kuzama. Tulipofika mlangoni akasema, "Haya, na mimi nikusindikize kidogo."

Si mnatujua? Tukarudi mpaka kwangu. Nikasema siwezi kumwacha arudi peke yake. Tukageuza tena. Bibi mmoja muuza maua alituona tunavyopita na kurudi, akampa Mwajuma ua bure, akatucheka.

Miguu inauma, na mimi naongelea mawingu kama mtangazaji wa redio. Aibu ikanizidi.

"Mwajuma, basi niishie hapa, nisikuchoshe."

Akasimama. Akaniangalia kama anatafuta pa kuanzia kunipiga.

"Wewe mtu wa Ujiji, anayesindikizwa si ndiye anasema rudi?"

"Ndiye."

"Mimi nimekwambia rudi?"

Nikamshika mkono. Masomo yalipoisha tulifunga ndoa nyumbani Ujiji, na mpaka leo hajaniambia rudi.

Vijana, ukimpenda mtu mwambie. Mimi niliokolewa na ukali wa mwanamke, wewe unaweza kumpata mpole mwenzako mkapotezana hivihivi.

Nani mwingine alipata mwenza kwa kusindikizana? Shusheni zenu hapa, nasoma zote.

Naye anasoma hapa begani kwangu. Anasema nimeruka sehemu, kwamba sikumshika mkono tu, nililia katikati ya barabara mbele ya Wapolandi.

Haya wakuu, nililia.