Kitambaa Chekundu Kwenye Baiskeli

Wa kwanza kunizika alikuwa mtani wangu, fundi cherehani wa Ng'ambo, hapa Tabora. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Utani huu tumeachiwa na wapagazi waliokwenda pwani kwa miguu, na mtani ana haki hata msibani kwako. Aliposikia picha ya moyo imeonyesha mafuta yameganda ndani ya mshipa wangu, alikuja nyumbani na kitambaa chekundu, akakifunga kwenye usukani wa baiskeli yangu.

"Hii yangu. Ukifa tu, naichukua."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo. Niliogopa, sifichi.

Mwaka mzima nilimeza kidonge kila jioni cha kupunguza hayo mafuta. Samli nikaiaga, nyama ya kunona nikaiaga, nikawa mkali kama pilipili. Kila nikipita dukani kwake na baiskeli, polepole kama nilivyoagizwa, mtani ananipigia kelele, "Usiyamalize matairi yangu, wee Mnyamwezi!"

Siku ya picha ya pili nilipanda basi kwenda hospitali Dodoma. Mashamba ya mpunga ya Igunga yalinipita bila mimi kuyaona.

Daktari, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, aliniamkia kisha akaziweka picha mbili pamoja. Ile mpya ilikuwa na madoa meupe mengi zaidi.

"Basi nimekwisha," nikasema. "Dawa imeshindwa."

"Hapana, mzee wangu. Ya hatari ni yale mafuta laini, hayo ndiyo hupasuka, damu ikaganda na kuziba mshipa. Yamepungua. Haya meupe ni yale yaliyogeuka magumu. Ni kama kidonda kilichofanya kovu."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Furaha ilinijaa, nikamshika mkono na kuutikisa mpaka naye akacheka.

Niliporudi Tabora nilikwenda na baiskeli moja kwa moja dukani kwa mtani, nikamweleza yote. Akasimamisha cherehani.

"Umenidhulumu," akasema. Akatoka nje, akakifungua kitambaa chake taratibu, akakitia mfukoni.

"Na vidonge, umeambiwa uache?"

"Niendelee. Maisha yote."

"Basi meza, mtani wangu, usikose hata siku moja. Mimi baiskeli yenyewe sijui kuendesha."