Kombe la Maswali

Enzi zetu mbingu ilikuwa karibu. Sisi tuliokulia Chumbageni tulijua zipo saba, zimepangwa moja juu ya nyingine kama sufuria za harusi, na ya kwanza inaanzia pale pale juu ya minazi. Hatukuwa na haraka ya kujua zaidi. Tulikuwa na mdako wa kucheza, machungwa ya Muheza ya kumenya kwa meno, na mihogo ya nazi iliyofunikwa kwa sahani ikitusubiri tutoke chuoni. Nasema chuoni, na vijana mnisamehe. Chuo chetu kilikuwa baraza ya nyumba ya Maalim. Tulikaa juu ya jamvi, juzuu mapajani, tukiyumba mbele na nyuma, kila mmoja anasoma pake kwa sauti yake, na Maalim katikati ya makelele yale akisikia nani kakosea irabu.

Mama alinikabidhi kwake kwa maneno ambayo wa rika langu hawajayasahau: "Maalim, nyama yako, mifupa yangu." Nami nilizitazama bakora zake na kuanza kuiaga nyama yangu.

Siku zote nilikaa ubavuni mwa Mwanaidi, mtoto wa shangazi Zuhura. Tulianza alifu siku moja, na sasa tulikuwa tumebakiza juzuu mbili tuhitimu pamoja. Mama zetu walikwisha nunua doti moja ya kanga, kipande chake na kipande changu, ikalala sandukuni kwetu ikinukia udi. Kila nilipopita nililifungua sanduku kidogo, nikanusa, nikalifunga.

Alasiri moja Maalim alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu alikuwapo, na hapakuwapo kitu kingine chochote. Wote tukaitikia. Mwanaidi akanyoosha kidole.

"Maalim, hapakuwa na kitu kabisa?"

"Kabisa, mwanangu."

"Hata mahali pa kuweka kitu hapakuwapo?"

Tulisubiri bakora. Maalim akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema, "Allahu aalam, Mungu ndiye ajuaye. Tuendelee."

Ingeishia pale kama si mdomo wangu. Nilikimbia hadi kwa shangazi, nikamkuta anapepeta mchele, nikamwambia, "Mwanaidi kambishia Maalim! Kasema Mungu hana pa kukaa!" Hakusema hivyo hata kidogo. Niliongeza chumvi kwa sababu habari bila chumvi haikuwa na ladha, na kwa sababu, naomba toba, nilimwonea wivu lile swali.

"Toba yarabi! Mtoto kapitiwa huyu!" Shangazi aliangusha ungo.

Kwetu mtoto aliyepitiwa na jini alipewa kombe. Mzee mmoja wa mtaani aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi ya waridi, na maji yale Mwanaidi akanyweshwa asubuhi na jioni, siku saba. Shangazi akaapa kwamba chuo basi. Atakaa nyumbani asuke ukili wa mikeka mpaka aolewe. Mama akaitoa ile doti sandukuni, akaitazama, akairudisha. Nilijua kipande changu nitakivaa peke yangu, na sababu ni mimi.

Siku ya saba Maalim aliniuliza mbele ya wote, "Mwenzio yuko wapi?" Nikajaribu kusema anaumwa, nikalia. Nilimweleza yote, pamoja na ile chumvi. Hakunipiga, na ingekuwa nafuu kama angenipiga. Alichukua fimbo yake ya kutembelea, akaniambia nitangulie.

Maalim hakuwa mtu wa kwenda nyumba za watu bila kualikwa. Shangazi alipomwona mlangoni alijifunika kanga mpaka puani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Bi Zuhura. Mgonjwa yuko wapi?"

"Ndani, anakunywa kombe."

"Kombe la maradhi gani?"

Shangazi akababaika. "La... la maswali, Maalim."

"Limebaki?"

Mwanaidi akatoka na bakuli, macho chini. Maalim akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, palepale uani, akasema bismillahi, akalinywa lote mpaka tone la mwisho. Akajifuta ndevu.

"Tangu aulize sijalala vizuri," akasema. "Nikadhani pengine na mimi nimepitiwa. Bi Zuhura, mtoto huyu hakukufuru. Amesimama mlangoni akaona nyumba ni kubwa. Anayekufuru ni yule asemaye nyumba haina mwenyewe. Kesho nimwone chuoni."

Tulihitimu mwezi uliofuata, kila mmoja na kipande chake. Lakini sikumwambia Mwanaidi nani alipeleka maneno. Tukakua, akaolewa Pangani, tukazika wazazi, tukalea wajukuu, na mimi mwenyewe nikafundisha chuo miaka mingi, nikiwa na jambo lile moyoni.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Rehema, wa kidato cha tatu, alikuja jikoni na simu yake. Watoto wa siku hizi wakitaka kuona nyota huinamisha shingo. "Bibi," akasema, "ulimwengu unatanuka. Unatanuka kuelekea wapi?" Akanieleza kwamba wataalamu wanaipima kasi yake kwa njia mbili na majibu hayalingani, kwamba kuna kitu kinausukuma wasichokijua, kwamba kabla ya ule mwanzo hawajui palikuwa na nini, wala kama neno "kabla" lina maana huko.

Ulimi wangu ulikwisha anza: "Astaghfirullah, mtoto we..." Nikaisikia sauti ya shangazi Zuhura kinywani mwangu. Nikaweka mwiko chini, nikampigia Mwanaidi, nikamwambia yote kabla hajamaliza salamu. Ungo, chumvi, wivu.

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilijua siku ile ile, mwehu we! Nani mwingine Chumbageni alikuwa na mdomo kama wako? Nilikusamehe kabla kombe halijakauka. Hebu nipe huyo mtoto."

Rehema akamuuliza swali lake. Niliweka sikio karibu.

"Mjukuu wangu," Mwanaidi akamwambia, "mimi nangoja jibu tangu sijaota meno yote. Ukilipata wahi kunipigia. Ukichelewa, nitakwenda kumuuliza Mwenyewe."

Enzi zetu swali moja lilishughulisha mtaa mzima kwa siku saba. Rehema na wenzake wanayapata kumi kabla ya chai, na tisa majibu yake yamo simuni. Siwaonei wivu kwa hayo tisa. Nawahurumia kwa lile la kumi, maana baraza tumezijengea vyumba vya maduka, na mzee wa kunywa bakuli pamoja nao hayupo. Basi siku hizi baada ya alasiri natandika jamvi uani. Jana Rehema kauliza tena, unatanuka kuelekea wapi. Nikavua miwani, nikaifuta, nikamjibu kama Maalim: Allahu aalam. Kisha nikamwambia asogee karibu, aniulize la pili.